Kuwatetea Wanyama Walio Hatarini kwa Kamera: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wazo Hadi Maonyesho

Si kila picha nzuri ya mnyama adimu humsaidia mnyama huyo. Zipo zinazomdhuru. Mwaka 2009 ilienea mtandaoni video ya lorisi, mnyama mdogo wa Asia wa jamii ya komba, akikunwa kwapani huku ameinua mikono. Watazamaji walidhani anafurahi, na wengi wakatamani wa kufuga. Kumbe lorisi anayeinua mikono anajihami: tezi yake ya sumu iko kwenye mkono, karibu na kiwiko, na mkao huo humwezesha kuifikisha sumu mdomoni ili aume. Lorisi wanaouzwa mara nyingi hukatwa meno ili wasimuume mnunuzi. Video ile haikuwa na neno hata moja la kueleza hayo.

Sasa tazama upande wa pili. Kati ya mwaka 1999 na 2000 mwanabiolojia Michael Fay alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 3,000 katika misitu ya Afrika ya Kati mpaka pwani ya Gabon, na mpiga picha Michael Nichols akaipiga picha kazi hiyo. Picha zikafika hadi kwa Rais Omar Bongo, na mwaka 2002 Gabon ikatangaza hifadhi za taifa 13 kwa mpigo.

Tofauti ya hizo mbili haiko kwenye ubora wa kamera. Moja ilitupwa kwa umati bila maelezo, nyingine ilipelekwa kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua, ikiwa na maelezo yake. Mwongozo huu umejengwa juu ya tofauti hiyo.

Anza na uamuzi unaoutaka, mnyama atafuata

Kabla ya kugusa kamera, andika sentensi moja kwenye karatasi: "Baada ya kuona picha hizi, fulani atafanya jambo fulani kabla ya tarehe fulani." Kwa mfano: wavuvi wa mwalo huu watamwachia kasa aliyenaswa badala ya kumchinja, madereva wa barabara inayokata msitu watapunguza mwendo usiku, madiwani watapinga kibali cha machimbo kwenye mapito ya tembo. Sentensi isipokamilika, usiende porini bado. Kosa linaloua kampeni nyingi ni kulenga "umma". Umma hauna mlango wa kubisha hodi.

Mlengwa ndiye anayeamua kila kitu kinachofuata. Mvuvi anayerudi alfajiri atafikiwa na bango kubwa mwaloni, hatafikiwa na ukurasa wa mtandaoni. Diwani anahitaji picha sita na ukurasa mmoja wa maelezo mezani kwake. Mwanafunzi wa shule ya msingi anahitaji picha kubwa, maneno machache, na nafasi ya kuuliza.

Kisha hakiki hali halisi ya mnyama wako kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN (muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili), ambayo ilianzishwa mwaka 1964. Angalia mambo matatu: daraja la hatari, mwaka wa tathmini, na kama tathmini inahusu spishi nzima au spishi ndogo. Hapa ndipo wengi huteleza. Utasikia mtu akisema "vifaru weupe wamebaki wawili duniani." Waliobaki wawili ni wa spishi ndogo ya kaskazini, Najin na binti yake Fatu, walioko katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya; dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Wale wa kusini wapo kwa maelfu. Tembo nao, tangu tathmini ya mwaka 2021, wanahesabiwa kama spishi mbili: wa nyika yuko hatarini, wa msituni yuko hatarini kabisa. Msomaji mmoja mjuzi akikukamata kwa kosa la namna hii, picha zako zote zinapoteza nguvu.

Na tunakushauri usikimbilie simba na duma peke yao. Tumbusi mgongo-mweupe amekuwa kwenye daraja la hatarini kabisa tangu mwaka 2015, na sababu mojawapo ni kwamba majangili hutia sumu kwenye mizoga ili tumbusi wanaozunguka angani wasiwafichue kwa askari wa wanyamapori. Ni kisa chenye nguvu, kina picha zake, na ni wachache wanaokijua. Vyura, popo, kobe na samaki wa maji baridi wana upungufu mkubwa zaidi wa watetezi.

Zungumza na anayemjua mnyama

Mtafute mtafiti, askari wa wanyamapori au mzee wa eneo hilo aliyeishi na mnyama huyo, umuulize maswali manne. Anazaa lini na wapi? Nitajuaje kwamba nimemsumbua? Ni habari gani zisizopaswa kutoka nje? Ninyi mnataka watu wafanye nini? Jibu la swali la nne mara nyingi litabadilisha ile sentensi yako ya kwanza, na ni afadhali libadilike sasa kuliko baada ya kuchapa mabango.

Vibali navyo vishughulikiwe mapema. Hifadhi nyingi hutofautisha picha za matembezi na picha za kazi, na droni karibu kila mahali inahitaji idhini yake. Ukipiga picha bila kibali, taasisi uliyotaka ikuunge mkono haitaweza kuzitumia.

Vifaa: vya kutosha tu

Kwa mamalia wakubwa, lenzi ya milimita 300 hadi 400 inatosha. Ndege wanahitaji 500 hadi 600. Kipande cha kurefusha lenzi cha mara 1.4 hukuongezea umbali lakini hula stopu moja ya mwanga, yaani nusu yake, kwa hiyo alfajiri kiache begini. Beba pia lenzi pana, milimita 24 hadi 35, maana picha zinazobadilisha mawazo ya watu mara nyingi ni zile zinazoonyesha mnyama na mahali anapoishi kwa pamoja. Mfuko wa maharage juu ya dirisha la gari hutuliza lenzi ndefu vizuri kuliko stendi ya miguu mitatu.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Simu haifai kumvuta mnyama wa mbali, kwa sababu zumu ya kidijitali hukata tu picha na kuitanua. Lakini kwa mazingira, nyayo, nyavu, visiki, barabara, na watu wanaolinda au wanaoathirika, simu inatosha kabisa, na kisa kizima kinaweza kubebwa na picha za aina hiyo.

Orodha ya picha zinazojenga kisa

Picha moja ya uso wa mnyama huvutia jicho, ila haielezi tatizo. Andaa orodha kabla ya kwenda, uibandike ndani ya kifuniko cha begi. Inapaswa kuwa na picha za aina sita.

1. Mnyama mmoja, uso wake, jicho likionekana wazi. Watu huguswa na mmoja kuliko kundi; ukimwonyesha tembo mmoja mwenye ndama wake, mtazamaji anashika habari haraka kuliko ukimwonyesha mia moja.
2. Mnyama akiwa mdogo ndani ya mazingira makubwa. Hii ndiyo inayojibu swali la "anahitaji nini?"
3. Tabia: analisha, anachimba, anajenga, anatawanya mbegu. Inaeleza kazi yake katika mazingira.
4. Tishio lenyewe. Mtego wa waya, shamba jipya lililoingia msituni, wavu uliotelekezwa.
5. Watu: waliopoteza mazao au mifugo, na wanaolinda.
6. Suluhisho linalofanya kazi. Uzio wa mizinga ya nyuki unaozuia tembo wasiingie shambani, zizi imara lisiloruhusu simba kuingia, wavu wenye mlango wa kumtoa kasa.

Ya sita ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo unayopaswa kuipa siku nyingi. Mtu akiona mizoga mitupu bila njia ya kutokea hujilinda kwa kugeuza uso. Picha ya mzoga ina nafasi yake: moja katika kumi na mbili inatosha, isiwe ya kwanza, na kwenye maonyesho yenye watoto ipewe kona yake na tahadhari.

Kuhusu ya tano, omba ridhaa kwa lugha anayoielewa mhusika, ukimwonyesha picha na kumweleza itatumika wapi. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi. Askari wa wanyamapori anaweza kutaka uso wake usionekane, kwa sababu majangili huishi jirani na familia yake. Piga mikono, buti, au kivuli chake. Mtuhumiwa aliyekamatwa usimwonyeshe uso kabla mahakama haijasema. Na mkulima aliyeliwa mahindi na tembo mpe heshima ile ile unayompa tembo. Akionyeshwa kama adui, kijiji kizima kitafunga milango kwa mradi wako.

Porini: umbali, dalili na namba za kamera

Kanuni ya kwanza ni kwamba mnyama akibadilisha alichokuwa anafanya kwa sababu yako, umeshakaribia kupita kiasi. Usisubiri akimbie. Dalili za mwanzo ni ndogo: anaacha kula na kuinua kichwa kwa muda mrefu, masikio yanakugeukia, anakuwa na miayo isiyo na usingizi (nyani na sokwe hufanya hivyo), ndege anatoa mlio mmoja unaojirudia au anabeba chakula mdomoni bila kukishusha kiotani. Simama. Akirudia shughuli yake, kaa ulipo. Asiporudia, rudi nyuma polepole njia uliyojia.

Kwa sokwe na sokwe-mtu weka umbali usiopungua mita 10, vaa barakoa, na usiende kabisa ukiwa na mafua, kwa maana magonjwa yetu ya kupumua huwaua. Ufukweni wakati kasa anataga, hakuna flashi wala tochi nyeupe. Vifaranga hufuata mwanga kwenda baharini, na taa yako inaweza kuwapeleka nchi kavu. Viota viache. Mzazi akikaa nje kwa nusu saa, mayai hupoa au hupikwa na jua, na majani uliyoyakunja ili upate picha humwonyesha mwewe njia. Usiite ndege kwa sauti ya simu wala kumtupia bundi panya. Mwaka 2010 waandaaji wa shindano la Wildlife Photographer of the Year walifuta ushindi wa picha ya mbwa mwitu akiruka lango baada ya majaji kuona kwamba yaelekea mnyama huyo alikuwa amefunzwa. Kwa picha ya utetezi, hasara ya namna hiyo ni kubwa kuliko tuzo, kwa sababu unampa kila mpinzani wa uhifadhi sababu ya kutokuamini.

Sasa namba. Kwa mnyama aliyetulia, kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 400, angalau 1/400 ya sekunde. Anayetembea, 1/500. Anayekimbia, 1/1600 au zaidi. Ndege mdogo anayeruka, 1/2500. Tundu la lenzi liwe f/5.6 hadi f/8 kwa mnyama mmoja. Wakiwa wawili au watatu kwa kina tofauti, f/8 hadi f/11. Acha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ijipange yenyewe, ukiweka kikomo cha 6400. Chengachenga za ISO kubwa hupunguzwa kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina tiba. Piga kwa faili ghafi (RAW), weka fokasi endelevu yenye nukta moja, uilenge kwenye jicho la karibu.

Mnyama mweusi anayejaza fremu, kama sokwe wa milimani au nyati, huidanganya kamera: inataka kumfanya wa kijivu, kwa hiyo inazidisha mwanga na manyoya yanafifia. Punguza mwanga kwa theluthi mbili hadi stopu moja nzima. Mweupe anayejaza fremu, ongeza kiasi hicho hicho.

Shuka chini. Picha iliyopigwa kutoka urefu wa macho ya mnyama humfanya kiumbe mwenye maisha yake. Ile ya kutoka juu humfanya kitu kilichookotwa. Ukiwa garini piga kutoka dirisha la chini kabisa, si kwenye paa lililofunguliwa. Kwa mjusi au chura, weka kamera juu ya udongo.

Mwanga bora ni saa la kwanza baada ya jua kuchomoza na la mwisho kabla halijazama. Kwenye uwanda mkavu, kuanzia kama saa nne asubuhi, hewa inayopanda kutoka ardhini hucheza kati yako na mnyama, na picha inakuwa kama imepigwa nyuma ya maji. Wengi hulaumu lenzi na kwenda kununua nyingine. Lenzi haina kosa. Kupunguza umbali ndiyo dawa, na kama huwezi kusogea bila kusumbua, tumia saa hizo kupiga picha za tishio na za watu.

Kamera ya kutega kwa wale wasioonekana

Kakakuona, chui, paa wa msituni na wengi wa usiku hawataonekana kwa kuvizia. Kamera ya kutega hujiwasha inapohisi tofauti ya joto kati ya mwili unaopita na mazingira ya nyuma yake. Ukilielewa hilo unaelewa pia makosa yake karibu yote. Mchana wa joto kali, ardhi inapokaribia joto la mwili, hukosa wanyama. Nyasi zilizopashwa jua zikicheza na upepo, inapiga maelfu ya picha tupu.

Itazamishe kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiipige usoni. Ifunge kwenye mti usiotikisika, sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini kwa wanyama wadogo, 50 hadi 70 kwa wa ukubwa wa chui. Iwe mita 3 hadi 5 kutoka kwenye njia, ikiitazama njia kwa pembe ya nyuzi 45, kwa kuwa mnyama anayepita mbele moja kwa moja huwa ameshatoka kwenye fremu kamera inapoamka. Kata nyasi zilizo mbele, zisizidi unavyohitaji. Tumia betri za lithiamu, weka pakiti ya kunyonya unyevu ndani, kisha tambaa mbele yake kwa magoti mara tatu na uangalie kama imekupata. Panapopita tembo, iweke ndani ya sanduku la chuma.

Kamera hiyo itapiga watu pia: waokota kuni, wachungaji, wapenzi. Waarifu wanakijiji kabla ya kuitega, na picha za watu zifute bila kumwonyesha yeyote. Uaminifu ukivunjika hapo haurudi.

Kuchagua na kuhariri

Kutoka kwenye picha 2,000, fika 12. Ondoa kwanza zisizo kali, kisha zinazosema jambo lile lile mara mbili, kisha zile unazozipenda kwa sababu tu zilikusumbua kuzipata. Mpe mtu asiyejua mradi aziangalie kimya, halafu akueleze kisa alichokiona. Kama hakutaja tishio wala suluhisho, bado hujamaliza kuchagua.

Rekebisha mwanga, rangi na ukataji wa kingo. Usiongeze wala usiondoe kitu ndani ya fremu: si uzio, si gari la nyuma, si kola ya redio shingoni. Uzio mara nyingi ndiyo habari yenyewe. Picha iliyotengenezwa na akili unde isichanganywe kabisa na za kweli. Na hifadhi nakala tatu, moja nje ya nyumba.

Maelezo ya picha ndiyo nusu ya kazi

Kumbuka lorisi: picha bila maneno mtazamaji huijazia maana yake mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu walioona picha ya sokwe-mtu akiwa na binadamu walielekea zaidi kuamini kuwa sokwe-mtu wa porini hawana tatizo, na hata kumwona anafaa kufugwa. Ndiyo maana picha ya mlezi akimkumbatia mtoto wa mnyama aliyeokolewa, hata kama imejaa upendo, ni ya hatari. Ukilazimika kuitumia, mlezi avae sare na barakoa, na maelezo yaseme wazi mnyama amefikaje hapo.

Maelezo yawe ya maneno 40 hadi 60 na yabebe: jina la Kiswahili na la kisayansi, anachofanya, kama ni wa porini au yuko kizuizini, hali yake, sababu, na hatua moja ya kuchukua. Hatua moja, si tano. Mfano:

"Kakakuona wa nyika (Smutsia temminckii) akitafuta mchwa usiku. Ni wa porini. Hakushikwa wala kulishwa. Magamba yake yameundwa kwa keratini, kama kucha zako, lakini husakwa kwa biashara ya dawa za kienyeji. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya spishi zote 8 za kakakuona imepigwa marufuku. Ukiona magamba yanauzwa, toa taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori."

Epuka maneno kama "mtoto mzuri wa kubembeleza". Epuka pia "wa mwisho duniani" kama si wa mwisho. Andika maelezo ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu ya maelezo na haki za mpiga picha, ili picha ikisafiri bila wewe maneno yasafiri nayo.

Ficha mahali

Hili halina mjadala. Simu na kamera nyingi huandika ndani ya picha alama za mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Kwa faru, kakakuona, kasuku, kobe na mijusi adimu, hiyo ni ramani ya jangili. Baadhi ya mitandao ya kijamii hufuta alama hizo unapopandisha picha, lakini ukimtumia mtu faili asilia kwa barua pepe au kama hati kwenye ujumbe, zinakwenda nazo.

Zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kuingia eneo. Unapotoa picha kwenye programu ya kuhariri, chagua kuondoa taarifa za mahali, kisha fungua faili lililotoka na ukague mwenyewe. Angalia na nyuma ya mnyama: kilima chenye umbo la pekee, mnara, kibao, njia panda. Mtu anayelijua eneo hahitaji alama za satelaiti. Chapisha baada ya wiki kadhaa, usichapishe siku hiyo hiyo, na taja mkoa au aina ya mazingira tu. Jukwaa la mtandaoni la iNaturalist, ambako watu hurekodi viumbe walivyoviona, lenyewe huficha mahali pa spishi zilizo hatarini kwa kuzionyesha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, yaani kama kilomita 22 kwa upande kwenye ikweta. Hicho ni kipimo kizuri cha kuigwa. Picha za faru mpelekee kwanza askari wa eneo hilo azipitie. Huenda ukubwa wa pembe au alama za masikioni zinamtambulisha mnyama mahususi.

Kuwafikishia watu

Kwa maonyesho, picha 12 hadi 15 zinatosha. Chapa kwa ukubwa wa A2, ambao kwa nukta 150 kwa inchi unahitaji faili la pikseli 2480 kwa 3508. A1 inahitaji 3508 kwa 4967. Chagua karatasi isiyong'aa, kwani inayong'aa hurudisha taa machoni mwa mtazamaji. Za nje zichapwe kwenye vinaili inayohimili jua. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na kama watazamaji ni watoto, ishushe hadi 120. Maelezo yawe kwa herufi za pointi 24 au zaidi, kwa lugha inayozungumzwa hapo. Zipange zianze na uso wa mnyama, zimalizie na suluhisho, na mwishoni kabisa kuwe na mahali pa kufanya ile hatua: daftari la sahihi, namba ya kutoa taarifa, mtu wa kuzungumza naye. Maonyesho yasiyo na mtu wa kujibu maswali hupoteza nusu ya faida yake.

Kijijini, projekta na shuka jeupe hufanya kazi vizuri kuliko fremu. Anza giza likishaingia, kwa sababu kabla ya hapo rangi zote zinapauka, na waanze kuonyeshwa watu wenyewe waliopigwa picha. Wapelekee nakala zilizochapwa. Ni haki yao.

Mtandaoni, picha ya wima ya pikseli 1080 kwa 1350 huchukua nafasi kubwa kwenye simu. Sentensi ya kwanza ya maelezo ibebe jambo zito, maana zinazofuata hufichwa. Weka maandishi mbadala kwa wasioona. Toa picha moja kila wiki kwa miezi mitatu badala ya kumwaga zote siku moja. Kisha kaa ujibu maoni. Akitokea anayeuliza "huyu anauzwa wapi?", futa swali na umweleze kwa upole na kwa ufupi kwa nini, likiachwa hapo linageuka tangazo.

Kupima, na picha zinazobaki

Idadi ya waliopenda picha haisemi kitu kuhusu mnyama. Rudi kwenye sentensi ya mwanzo. Kabla ya maonyesho, waulize watu 30 wa kundi unalolenga maswali matatu: mnyama huyu yuko katika hali gani, kinachomtishia ni nini, na wewe utafanya nini ukikutana na jambo hilo. Waulize 30 baada ya maonyesho, na 30 tena baada ya miezi mitatu. Idadi hiyo ni ndogo, inakuonyesha mwelekeo tu. Sambamba nayo hesabu matendo: kasa walioachiwa, simu zilizopigwa, sahihi zilizofika mezani kwa diwani. Maarifa yakipanda na matendo yakabaki palepale, kagua ile hatua uliyoomba. Mara nyingi ni ngumu mno, ina gharama kwa mtu masikini, au namba ya simu haipokelewi. Ipige mwenyewe kabla ya kuichapa.

Picha ambazo hazikuingia kwenye 12 usizifungie kabatini. Milia ya pundamilia, mabaka ya twiga, mikunjo ya pua ya sokwe wa milimani na vidoa vya papa potwe ni kama alama za vidole. Watafiti wa papa potwe hulinganisha vidoa kwa mbinu iliyobuniwa kwanza na wanaastronomia kwa kulinganisha picha za nyota, na sehemu kubwa ya picha zao hutoka kwa wapiga mbizi wa kawaida. Ukikutana na papa huyo, piga ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya matamvua, ukiwa sambamba naye bila kumgusa, kisha umpelekee mtafiti faili asilia likiwa na tarehe na mahali kamili. Huyu ndiye mtu mmoja ambaye alama za mahali hazifutwi kwake.